Kupunguza nyama kwenye kafeteria ya chuo: anza na sufuria la maharage

Simama karibu na dirisha la kupakulia kwenye kafeteria ya chuo saa saba mchana, usikilize. Mwanafunzi kaagiza wali maharage kwa sababu ndiyo sahani ya bei ya chini, lakini kabla haijamfikia mkononi anaomba: "Mama, niwekee na mchuzi wa nyama kidogo hapo juu." Nyama yenyewe hakuomba. Anachotafuta ni kitunguu kilichokaangwa vizuri, nyanya iliyoiva, mafuta na chumvi ya kutosha, vitu ambavyo sufuria la nyama limepewa na la maharage limenyimwa.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya watu wanaoweza kubadilisha jambo hilo: viongozi wa chakula kwenye serikali ya wanafunzi, mzabuni wa kafeteria na wapishi wake, pamoja na ofisa wa chuo anayesimamia mkataba. Kazi yenyewe ni kupunguza nyama, hasa ya ng'ombe, kwa ajili ya mazingira, bila mwanafunzi kulala njaa na bila bei kupanda. Mifano yangu ni ya Tanzania, ila Mkenya au Mganda hatashindwa kubadilisha majina ya vyakula.

Kwanza tuseme ukweli. Mtanzania wa kawaida hafikishi kilo 20 za nyama kwa mwaka. Mmarekani anapita kilo 100. Asije mtu kumhubiria mwanafunzi anayekula vipande viwili vya nyama kwamba yeye ndiye anayeyeyusha barafu ya Kilimanjaro. Lakini jiko la chuo hununua kwa magunia na kwa mizoga mizima, na uamuzi mmoja wa pale hugusa maelfu ya sahani kwa wiki. Pia anayemaliza chuo huondoka na mazoea ya kula atakayoyapeleka kwenye nyumba yake akianza kupata mshahara, na kwa wengi wetu mshahara ukipanda, nyama nayo hupanda. Hapo ndipo kafeteria ina kazi ya kufanya.

Hatua ya kwanza: pata risiti za mwezi mmoja

Usianze na kampeni wala mabango. Muombe mzabuni hesabu za manunuzi za mwezi mmoja wa kawaida, usiwe mwezi wa mitihani wala wa Ramadhani, kisha uandike kilo za kila kitu: ng'ombe, mbuzi, kuku, samaki, dagaa, mayai, maziwa, maharage, mchele, unga. Pata na idadi ya sahani zilizouzwa. Kilo gawanya kwa sahani, na hiyo ndiyo namba utakayorudi kuipima baadaye.

Kisha zidisha kila kilo kwa uzito wa gesijoto zake, yaani gesi zinazopasha dunia joto. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya takwimu za mashamba karibu 38,700 katika nchi 119, unatoa wastani wa dunia ufuatao kwa kila kilo ya chakula: nyama ya ng'ombe wanaofugwa kwa ajili ya nyama takribani kilo 100 za hewa ukaa au gesi zenye nguvu sawa nayo, ng'ombe wa maziwa anayeishia buchani kama 33, mbuzi na kondoo kama 40, kuku kama 10, mayai karibu 5, maziwa kama 3 kwa lita, mchele 4.5, na maharage na jamii zake chini ya 2.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo wako juu kiasi hicho kwa sababu wanacheua. Majani yanapochachuka kwenye tumbo la kwanza hutoa methani, na kilo moja ya methani hupasha dunia joto kama kilo 27 hadi 30 za hewa ukaa ukihesabu kwa miaka 100. Kuku hacheui. Maharage ndiyo kabisa, mizizi yake inahifadhi naitrojeni kutoka hewani na kumpunguzia mkulima mbolea.

Wapo watakaosema, na kwa haki, kwamba namba za dunia haziwezi kumtosha ng'ombe wa Shinyanga au Longido, ambaye analima, anakamuliwa, anatolewa mahari na ndiye benki ya mwenyewe kabla hajafika machinjioni. Sawa. Ndiyo maana namba hizi uzitumie kujilinganisha wewe na wewe mwenyewe, muhula huu na ujao. Tuseme kafeteria inanunua kilo 30 za ng'ombe kwa siku. Ukipunguza kilo 10 na kuongeza kilo 8 za maharage makavu, umeondoa kilo 1,000 za gesijoto na kuongeza kama 14. Hata ukitumia kigezo cha chini cha 33, bado ni 330 kwa 14. Hakuna ubishi wa vigezo unaoweza kuziba pengo hilo.

Hatua ya pili: mguse ng'ombe, wengine waache kwanza

Makosa ya kamati nyingi ni kutaka kugusa kila kitu siku moja: nyama, mayai, maziwa ya chai, mpaka samaki. Wanafunzi wanakasirika na namba haibadiliki sana, kwa sababu mzigo wenyewe uko kwenye ng'ombe.

Huduma ya chakula ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, iliondoa nyama ya ng'ombe na kondoo kwenye kafeteria zake mwaka 2016. Ilipotoa taarifa mwaka 2019 ilisema gesijoto kwa kila kilo ya chakula kilichonunuliwa zilishuka kwa asilimia 33, na ardhi inayotumika kuzalisha kilo hiyo ilishuka kwa asilimia 28. Kuku walibaki, samaki walibaki. Coimbra cha Ureno nacho kikatangaza kuondoa ng'ombe kuanzia Januari 2020. Jambo la Cambridge ninalolipenda zaidi ni kwamba wapishi walipelekwa darasani kwanza, wakajifunza kupika vyakula visivyo na nyama, ndipo nyama ikapunguzwa.

Kwetu sishauri kuiondoa. Chuo chenye watoto wa wafugaji darasani, na wanafunzi ambao nyumbani nyama ni ya sikukuu tu, ukiwapigia marufuku utaonekana unawanyang'anya kitu walichosubiri. Anza hivi: siku mbili kwa wiki hakuna ng'ombe, siku zilizobaki sufuria la ng'ombe lipikwe na theluthi pungufu ya nyama, pengo lijazwe na njegere, viazi, karoti au ndizi. Ndizi nyama na njegere nyama ni vyakula vinavyojulikana na kupendwa, hakuna atakayelalamika kwamba umemletea mambo ya Ulaya. Vipande vibaki ukubwa uleule. Mwanafunzi huona haraka kipande kilichokonda kuliko kipande kilichokosekana.

Pilau ya Ijumaa iache ilivyo. Naisema hii kama ushauri wa kisiasa: ukiigusa pilau ya Ijumaa, kila kitu kingine utakachopendekeza muhula huo kitakufa. Futari wakati wa Ramadhani pia usiiguse, ingawa ukiitazama vizuri utakuta kunde, mbaazi, magimbi, mihogo na uji tayari ndivyo vinavyoibeba.

Dagaa nao wabaki. Analiwa mzima na mifupa yake, ana madini ya chuma na ya chokaa (kalsiamu) na vitamini B12, na hacheui.

Hatua ya tatu: pika maharage kama unavyopika nyama

Hapa ndipo kila kitu kinapofaulu au kufa, na hapa ndipo nitakapokaa zaidi.

Karibu kila mwanafunzi wa chuo amepita bweni la sekondari, na huko amekula maharage ya chukuchuku yenye maji meusi, mawe mawili matatu na wadudu wanaoelea. Hayo ndiyo maharage anayoyaona akilini ukimwambia kutakuwa na siku bila nyama. Hutamshawishi kwa takwimu za tabianchi. Utamshawishi kwa harufu ya kitunguu inayotoka jikoni akiwa bado darasani.

Anzia sokoni. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu yanakuwa magumu, hayaivi hata uyachemshe mpaka jioni. Kabla ya kununua magunia, chukua kopo moja, chemsha, uone yanachukua muda gani na kama mchuzi wake unakuwa mzito. Aina ya njano na ya Kigoma hupendwa kwa kuiva upesi na ladha yake. Ukishanunua, hamishia kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Mdudu akikosa hewa anakufa, na aibu ya kuelea kwenye sahani imeisha.

Kuchambua kufanyike mchana kwenye mwanga, siku moja kabla. Usiku mawe hayaonekani, na mpishi aliyechoka hayatafuti.

Kwa sahani 100, kilo 8 za maharage makavu zinatosha, yaani gramu 80 kwa mtu, zenye protini kama gramu 17. Loweka usiku kwa maji mara tatu ya kiasi chake, kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili. Asubuhi mwaga maji hayo, osha, weka maji mapya. Kumwaga maji hupunguza gesi tumboni, na hilo ni lalamiko la kweli kwa mtu anayekaa kwenye kipindi cha saa mbili mchana huo. Chemsha kwa moto mkali, yatokote sawasawa angalau dakika kumi, kwa sababu maharage mekundu yasiyotokota vizuri yana sumu inayotapisha; kisha shusha moto yaive taratibu. Nyanya, ukwaju na limao visiingie mpaka yalainike, kwani uchachu huyafanya yabaki magumu. Magadi yanaivisha haraka, kweli, lakini yanaua vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni. Aliyeloweka hayahitaji.

Sasa kuunga, na hapa usibane mafuta. Kaanga kilo 3 za vitunguu kwenye mafuta mpaka viwe rangi ya kahawia, kahawia kweli, usikubali vile vyeupe vinavyochemka kwenye maji yake. Weka kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, bizari, kisha kilo 4 za nyanya, uzikaange mpaka mafuta yajitenge juu. Karoti na hoho zifuate. Mimina maharage na supu yake. Chota upawa mmoja au miwili, uponde na kurudisha ndani. Mchuzi utashikana na wali badala ya kukimbilia pembeni ya sahani. Mwisho nazi: tui jepesi kwanza lichemke pamoja, halafu tui zito, ukikoroga bila kuacha ili lisikatike. Nazi 12 hadi 15 zinatosha kulingana na ukubwa wake. Kotmiri ukiepua.

Pale nazi ni ghali, mfano Mbeya au Arusha, karanga zilizokaangwa na kusagwa zinafanya kazi hiyo vizuri. Ila iandikwe wazi ubaoni kwamba kuna karanga, kwa ajili ya wenye mzio.

Ukiwa na sufuria hilo, panua uwanja. Mbaazi za nazi, choroko, dengu, kunde na kisamvu kilichopikwa vizuri, makande ya siku ya baridi, biringanya na bamia za kuunga. Kuhusu mbaazi nina neno la ziada. Mwaka 2017 India iliwekea kikomo mbaazi zinazoingia nchini kwake, na wakulima wa Lindi, Mtwara na Babati waliokuwa wakiitegemea wakabaki na magunia ambayo hayakuwa na mnunuzi, bei ikaporomoka. Chuo kinachonunua mbaazi kila wiki, mwaka mzima, kwa mkataba, ni soko lisilotegemea uamuzi wa New Delhi. Mkuu wa chuo asiyesisimka na habari za methani anaweza kusisimka na hilo.

Suala la moto ni zito, na wanaohimiza maharage huwa wanalipita. Maharage yasiyolowekwa yanaweza kula saa tatu za moto. Kama moto huo ni wa kuni, unaokoa ng'ombe huku unakata msitu. Serikali ya Tanzania ilielekeza taasisi zinazohudumia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, kwa hiyo jiko lako linapaswa kuwa limehamia gesi au nishati nyingine safi, na gesi ni gharama. Kuloweka kunapunguza muda kwa kiasi kikubwa, na sufuria kubwa la presha linashusha maharage yaliyolowekwa hadi chini ya saa moja. Kama chuo kina fedha ya kununua kifaa kimoja tu kwa mpango huu, kinunue hicho.

Hatua ya nne: panga dirisha na ubao

Watafiti wa Cambridge walifuatilia zaidi ya milo 94,000 kwenye kafeteria za huko na kuchapisha matokeo mwaka 2019. Pale ambapo chakula kisicho na nyama kiliongezwa kutoka kimoja kati ya vinne hadi viwili kati ya vinne, mauzo yake yalipanda kwa asilimia 41 hadi 79. Hakuna aliyekatazwa kitu wala kuhubiriwa. Na waliobadilika zaidi ni wale waliokuwa wakila nyama kwa wingi.

Kwa dirisha letu maana yake ni hii. Pale mwanafunzi anapokuta ng'ombe, kuku, samaki na maharage, maharage ni sahani ya asiye na hela. Akikuta ng'ombe, samaki, mbaazi za nazi na maharage ya karanga, anachagua. Masufuria ya mbaazi na maharage yawe ya kwanza kwenye foleni, yafunuliwe, yatoe moshi. La nyama liwe la mwisho. Ubaoni andika jina la chakula: "Wali mbaazi za nazi", "Ugali kisamvu cha karanga". Usiandike "chakula bila nyama" wala "chakula rafiki kwa mazingira". Hakuna mtu anayeona njaa ya mazingira.

Na yule anayeomba mchuzi wa nyama juu ya maharage? Mpe. Mchuzi hauongezi kilo hata moja buchani. Maharage yakiungwa vizuri ataacha kuomba mwenyewe, na kupungua kwa maombi hayo ni kipimo kizuri kuliko dodoso lolote. Mwambie mpakuaji awe makini nayo.

Hatua ya tano: bei na mkataba

Hapa kuwe na macho makali. Mzabuni akipunguza theluthi ya nyama na bei ikabaki ileile, akiba imeingia mfukoni mwake na mwanafunzi ameibiwa kwa jina la mazingira. Itatosha mara moja tu wanafunzi waligundue, na mpango mzima umekwisha.

Kwa hiyo yaandikwe kwenye mkataba au kwenye kiambatisho chake: gramu za maharage makavu kwa sahani, kilo za nyama kwa kila sahani 100, kiasi cha mafuta na nazi, na kwamba fedha inayookolewa kwenye nyama inarudi kwenye sufuria la mboga kabla haijaenda kwingine. Bei ya wali maharage isipande hata shilingi. Wapo wanaoitegemea sahani hiyo mara mbili kwa siku wakati bumu, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, limechelewa, na kuboresha maharage kusigeuke njia ya kuwafukuza dirishani. Kama kuna sahani mpya yenye viungo ghali, iwe ya pili pembeni, na bei yake.

Mwakilishi wa wanafunzi awe na ruhusa ya kuingia jikoni asubuhi na kuona mzani. Wazabuni wengine hawapendi hili. Anayepima vizuri halimsumbui.

Hatua ya sita: afya, kwa ufupi

Anayepunguza nyama hahitaji vidonge. Anayeacha kabisa nyama, samaki, mayai na maziwa anahitaji vitamini B12 ya dukani, maana mimea haina ya kutegemewa.

La kuangaliwa zaidi ni damu. Zaidi ya theluthi moja ya wanawake wa Tanzania walio kwenye umri wa kuzaa wana upungufu wa damu, na hao ndio walioko mabwenini. Chuma cha maharage na mboga za majani hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama, lakini kinasaidiwa sana na vitamini C katika mlo huohuo: chungwa, embe, papai, kachumbari yenye limao. Fungu la kachumbari kwenye sahani ya maharage liwe la lazima, si la kuuzwa kando. Chai na kahawa hufanya kinyume. Zikae saa moja mbali na chakula. Mayai yabaki kwenye ubao kila siku, na dagaa angalau mara mbili kwa wiki.

Hatua ya saba: pima tena

Anza mwanzoni mwa muhula, wiki ya pili au ya tatu wakati foleni imetulia. Usianze karibu na mitihani, kwa kuwa wakati huo kila badiliko ni uchokozi. Usitangaze kitu kwa wiki nne za mwanzo, pika tu. Maswali yakija, mpishi mkuu ajibu, asijibu rais wa serikali ya wanafunzi.

Mwisho wa muhula chukua risiti za mwezi mmoja tena, upige hesabu ileile kwa vigezo vilevile. Angalia na ndoo ya mabaki: kilo za chakula kinachomwagwa zikipanda, maharage hayajaiva au hayajaungwa, na tatizo liko jikoni. Kilo za ng'ombe zikishuka huku za kuku zikipanda kwa kiasi kilekile, umepata faida kubwa ya gesijoto lakini mboga zako bado hazijashinda dirishani; rudi hatua ya tatu, ongeza sahani moja mpya ya jamii ya kunde, na usiguse kuku bado. Zikishuka zote mbili na idadi ya sahani zinazouzwa haijapungua, ongeza siku ya tatu isiyo na ng'ombe muhula unaofuata. Sahani zikipungua, wanafunzi wamehamia kwa mama ntilie wa getini, na huko nenda ukale, uone anawaungia nini.